KUVUA MASINGA WAKATI WA KIANGAZI

Ndugu wanakikundi, ukitoka Kangundo kwenda Masinga kutafuta samaki wakati wa kiangazi, unaweza kuona ndoo zinajaa upesi ukadhani samaki wameongezeka. Sivyo. Bwawa hilo la mto Tana, lililomalizika 1981, likijaa hufikia kama kilomita 120 za mraba. Kiangazi maji hushuka, na samaki wale wale wanabanana mahali padogo.

Wako wapi basi? Maji yakipata joto, hewa ndani yake hupungua. Mchana samaki hushuka kidogo kutafuta ubaridi, lakini sio chini kabisa, maana huko hewa ni haba. Ndiyo sababu ni afadhali kutega jioni na kutoa nyavu alfajiri. Tena samaki hawaozi upesi njiani.

Jambo la kuchunga ni wavu. Tilapia dume huchimba kiota karibu na ukingo, na mama hubeba mayai na watoto mdomoni. Ukikokota neti ya mbu hapo, umemaliza samaki wa kesho. Ni sawa na kupika mbegu ya mahindi kabla ya mvua ya mwezi wa kumi.

Kwa hivyo kikundi kikubaliane: nyavu za macho makubwa, leseni kutoka ofisi ya samaki, na mtu asiingie majini kwa miguu. Mamba na viboko wako.

Mjadiliane mkutanoni: kwetu nani anaangalia nyavu?