Kwa Nini Sauti Moja Husikika Tofauti kwa Watu Wawili

Wakazi wawili wa Pasua, Manispaa ya Moshi, wanaweza kuambiwa neno lilelile kwenye dirisha la zahanati: “Subiri.” Mmoja huketi kwenye benchi kungoja zamu yake, mwingine huhisi amekaripiwa, akarudi nyumbani bila matibabu. Tofauti hiyo haitokani na masikio, bali na namna ubongo unavyoipa sauti maana.

Sehemu ya ubongo inayoshughulikia usikivu, hasa upande wa kulia, hupima kiimbo, kasi na ukubwa wa sauti. Amigdala, kiungo kidogo cha ubongo chenye umbo la lozi, husaidia kutambua jambo lenye uzito kwa mtu, ikiwemo hatari.

Hapo ndipo haiba huingia. Utafiti wa wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Tübingen, Ujerumani, uliochapishwa mwaka 2011, ulitumia mashine ya MRI na kuonesha kuwa kadiri mtu anavyokuwa na hulka ya wasiwasi, ndivyo amigdala yake ya kulia inavyoitikia zaidi sauti zenye hisia.

Hulka hiyo si ugonjwa wala utovu wa adabu. Mhudumu anaweza kuizingatia kwa kumsalimu mgonjwa na kumweleza anasubiri nini. Mgonjwa naye aulize kabla ya kuondoka: “Samahani nesi, nasubiri daktari au kipimo?” Swali hilo fupi laweza kumwepusha na kukosa matibabu.