Aliye mbali apige kwanza

Juma lililopita tulienda kucheza gofu hapa Lubumbashi pamoja na mama mmoja anayeujua sana mchezo huo. Si kazi yake. Anacheza kwa kuupenda tu. Sisi tulikuwa tumeshika fimbo mara chache.

Kwenye shimo la kwanza yeye alimaliza kwa mapigo 4, sisi 9. Mpira wetu uliingia majanini, tukaona haya. Lakini hakutucheka. Alitueleza sheria mbili. Ya kwanza: mwenye mpira ulio mbali zaidi na shimo ndiye anayepiga kwanza, wengine wananyamaza na kumngojea. Ya pili: kila mchezaji ana kipimo chake, kinaitwa handikapu. Anayeanza anaweza kupewa hadi 54 kwa mashimo 18, ni kusema mapigo 3 yanaondolewa kila shimo. Hivyo mapigo yetu 9 yakahesabiwa 6. Uwanja haukubadilika, shimo halikusogezwa.

Wakati wa kurudi tulimkumbuka mtoto mmoja wa darasa letu. Muhula uliopita tulisoma pointi zake mbele ya wenzake, wakacheka. Tangu siku ile hainui tena mkono. Jumatatu tulimwomba msamaha mbele ya wale wale waliocheka. Mkono bado hajauinua. Tunamngojea.

Wamama, biliteni zikifika nyumbani, tusianze kuuliza mtoto wa jirani amepata ngapi. Tuulize: mwanangu, muhula uliopita ulikuwa wapi, na leo umefika wapi?