Mizani ya Chai na Sanduku la Kura

Mkulima wa Merigi apelekapo majani mabichi katika kituo cha kununulia chai, hasimami mbali. Huisogelea mizani, husoma mwenyewe uzito wa majani yake, kisha hupokea karatasi yenye hesabu hiyo. Soko la chai liko Mombasa, mbali na macho yake, lakini karatasi ile ndiyo ushahidi wake siku ya malipo. Wazee walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kura nayo ni mali. Historia ya Kenya yaonyesha kwamba kura zaweza kuwa salama ndani ya sanduku, zikaharibika katika safari ya hesabu, kutoka kituoni mpaka mahali pa kujumlishia.

Yafaa ukumbukwe mwaka wa 1988. Wakati huo KANU ndicho kilichokuwa chama pekee kilichoruhusiwa, kwa sheria iliyopitishwa mwaka wa 1982. Katika uteuzi wa wagombea wake, wapiga kura walijipanga kwa mlolongo, kila mtu nyuma ya amtakaye. Mahali pengi watu walishuhudia mlolongo mrefu ukitangazwa kuwa umeshindwa na mfupi. Hapakuwa na karatasi ya kuhesabu mara ya pili, kwa hiyo aliyedhulumiwa hakuwa na la kuonyesha ila maneno yake.

Viongozi wa dini, mawakili na raia wengi wakapaza sauti, na baadhi yao wakatiwa kizuizini. Mnamo Novemba 1991 mataifa yaliyokuwa yakiisaidia Kenya yalikutana Paris, yakakataa kutoa ahadi ya misaada mipya. Mwezi uliofuata kifungu cha 2A cha Katiba kikafutwa, na tarehe 29 Desemba 1992 ukafanyika uchaguzi wa vyama vingi. Hapana shaka shinikizo la kutoka nje lilisaidia kuufungua mlango. Lakini katika miaka ile ile watu waliuawa na wengine kufukuzwa mashambani mwao katika Bonde la Ufa, na fedha za wageni hazikuweza kuwalinda.

Jaribu kubwa zaidi lilikuja baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007. Waangalizi wa Umoja wa Ulaya walitilia shaka ujumlishaji wa kura za urais. Matokeo yalipotangazwa tarehe 30 Desemba, nchi iliwaka moto. Katika mashamba makubwa ya chai ya Kericho, wafanyakazi waliotoka sehemu nyingine za nchi walishambuliwa, nao wakakimbia na kuacha nyumba na vyombo. Katika mpaka wa Sotik na Borabu, Wakipsigis na Wakisii, waliokuwa wamezoea kuuziana ng'ombe na mahindi, wakapigana kwa mishale. Katika nchi nzima watu zaidi ya 1,100 walikufa, na mamia ya maelfu wakakosa makao.

Umoja wa Afrika ulimtuma Kofi Annan, aliyefika Nairobi tarehe 22 Januari 2008. Pamoja naye walikuwa Benjamin Mkapa wa Tanzania na Graça Machel wa Msumbiji. Baada ya majadiliano ya wiki kadhaa, Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia sahihi mapatano tarehe 28 Februari. Wageni hao waliokoa maisha ya watu wengi. Baadaye tume iliyoongozwa na jaji wa Afrika Kusini, Johann Kriegler, ilichunguza uchaguzi huo, ikasema kwamba hesabu zilikuwa zimeharibika kiasi cha kutoweza kujulikana nani hasa alishinda. Watu waliuana kwa ajili ya hesabu isiyoweza kuthibitishwa na mtu yeyote.

Hata hivyo, jicho la mgeni haliwezi kuona yote. Mwaka wa 2017 waangalizi maarufu kutoka nje, akiwamo John Kerry wa Marekani, waliusifu upigaji kura, wakawahimiza wenye malalamiko waende mahakamani. Walipokwenda, Mahakama ya Juu ya Kenya, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, iliufuta uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba, hasa kwa sababu ya dosari katika kupeleka matokeo. Mwaka wa 2022 tume ya uchaguzi iliweka katika mtandao fomu za matokeo za vituo zaidi ya 46,000. Karani wa Bomet aliweza kuisoma fomu ya kituo chake mwenyewe na kujumlisha kwa kalamu yake.

Basi haya yana maana kubwa zaidi sasa. Katika Mali, Burkina Faso na Niger wanajeshi walitwaa madaraka kati ya 2020 na 2023, na kusimamishwa kwao katika Umoja wa Afrika hakukuwarudisha kambini. Mwaka wa 2025 Marekani ililifunga shirika lake la misaada, USAID, lililokuwa likigharimia mafunzo mengi ya uchaguzi. Mwaka huo huo mabalozi wake waliagizwa wajizuie kutoa maoni juu ya haki ya chaguzi za nchi nyingine. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Uchaguzi mkuu wa Kenya umepangwa kufanyika Agosti 2027. Sheria inataka kura zihesabiwe pale pale zilipopigwa, mbele ya mawakala, na nakala ya matokeo ibandikwe mlangoni pa kituo. Mpiga kura wa Merigi ana haki ya kuisoma, kuinakili na kuilinganisha na hesabu itakayotangazwa Nairobi. Ikiwa zinatofautiana, mahakama ziko wazi. Kazi hiyo haihitaji fedha za ng'ambo. Yahitaji watu wasiorudi nyumbani mapema, na wasiomnyoshea jirani yao kidole kwa hesabu ambayo wao wenyewe hawakuisoma.