Ororo, Masala Kulangwa na daftari la mashujaa

Juma lililopita nilikuwa Geita kwa shughuli nyingine kabisa. Nikiwa nasubiri basi la kurudi Shinyanga nikasogea kwa kijana aliyetandaza vitabu vikuukuu juu ya turubai. Vilikuwepo vitabu vya shule, vya dini, na majarida ya mitindo ya mwaka arobaini na saba. Katikati yake nikaona gazeti jembamba la katuni, jalada limechakaa. Nikatoa shilingi elfu mbili, nikapanda nalo basi.

Nilidhani nimenunua hadithi. Kumbe lilikuwa toleo moja la The Official Handbook of the Marvel Universe, yaani kitabu cha marejeo cha mashujaa wa kampuni ya Marvel ya Marekani. Humo ndani hakuna anayempiga mwenzake. Wamepangwa kwa alfabeti kama maneno ya kamusi, wema kwa wabaya, kila mmoja amesimama wima kama anapigwa picha ya pasipoti. Kando yake yapo maelezo mithili ya fomu ya polisi: jina halisi, kazi, mahali alipozaliwa, ndugu wanaofahamika, hadithi aliyoonekana kwanza, kimo, uzito, rangi ya macho. Kisha historia yake, na mwisho nguvu zake.

Matoleo hayo yalianza kutoka yakiwa na tarehe ya Januari 1983, na jumla yake ni 15. Kumi na mawili yalifuata alfabeti, mawili yakawahusu waliokufa au walioacha kazi ya ushujaa, na la mwisho likawa la silaha na mitambo. Mwandishi mkuu alikuwa mhariri Mark Gruenwald, mtu aliyesifika kwa kukumbuka nani alifanya nini katika hadithi ipi. Alifariki mwaka 1996, na kwa kutimiza matakwa yake majivu yake yalichanganywa na wino uliochapa moja ya vitabu vyake. Wanasema mapenzi ni kikohozi. Huyu wake ulikuwa pumu.

Kazi kama hiyo ilihitajika, kwa sababu hadithi za Marvel ziliandikwa na watu wengi kwa miaka mingi. Mwandishi mmoja humpa shujaa nguvu za kuinua gari, mwenzake mwezi ujao akambebesha ghorofa. Kitabu kikaweka mizani: Spider-Man ananyanyua kiasi cha tani 10, na Thor yumo katika daraja la tani 100. Watu wazima wataona ni upuuzi. Mimi sikuona hivyo, kwani mtu asiyeshindwa na chochote hana hadithi. Ukijua anapoishia ndipo unapoanza kumhofia asidhurike.

Nikafika kwa Ororo Munroe, aitwaye Storm, aliyeonekana kwanza mwaka 1975. Baba yake ni mpiga picha Mmarekani, mama yake binti wa kifalme kutoka Kenya. Alibaki yatima mjini Cairo, akiwa msichana akatembea kuja kusini hadi nyika za Serengeti, na huko watu wakamwabudu kama mungu wa mvua. Serengeti, ndugu zangu! Bariadi, iliyokuwa wilaya ya mkoa wetu hadi Simiyu ilipoanzishwa mwaka 2012, inapakana na hifadhi hiyo. Waandishi wa New York walileta mtoa mvua mlangoni petu, nasi Wasukuma hatukuulizwa neno. Tungewaambia kwamba hapa mzigo wa mvua aliubeba ntemi, na ukame ukizidi angeweza kuondolewa kitini.

Hata Ororo ana mipaka yake. Hasira yake huchafua hali ya hewa, hivyo hana budi kujizuia. Tena anaogopa mno mahali palipofungika, kwa kuwa utotoni alifukiwa na kifusi pamoja na maiti ya mama yake.

Jirani yangu katika basi alikuwa kijana mchimbaji wa Nyarugusu. Alikuwa akichungulia, nami nikawa namtafsiria. Alicheka mavazi yao yote. Tulipofika kwenye kifusi akanyamaza, kisha akasema, "Mzee, huyo duara haliwezi." Nami nikakumbuka Nyangarata, Kahama, mwaka 2015, ambako wachimbaji watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi.

Akaniuliza, "Na wa kwetu wameandikwa wapi?" Nikamtajia Chakubanga wa gazeti la Uhuru, na Ndumilakuwili na Lodi Lofa wa Sani. Akasema hao ni wa vichekesho, yeye anauliza shujaa. Nikasema Masala Kulangwa. Tukaanza kubishana hapo hapo. Kwangu mimi, mama yake alijificha katika rundo la pumba siku zimwi Shing'weng'we alipomeza watu na ng'ombe wote. Kwa bibi yake yule kijana, alijificha ghalani. Bibi huyo amekwisha kufa. Nani atatuamua?

Usiku ule nikachukua daftari. Jina: Masala Kulangwa, na jina lenyewe linataja akili. Ndugu wanaofahamika: mama peke yake. Kazi: mwindaji, aliyeanza na panzi akidhani amemuua zimwi, akapanda ngazi mnyama kwa mnyama hadi akampata mwenyewe. Nguvu: akili, tani hazihusiki. Mipaka: hapo kalamu ikasimama. Alipolipasua tumbo la zimwi watu watoke, kisu chake kilimkata sikio bikizee mmoja, naye akamwekea kinyongo na kutaka kumloga. Aliyeokoa dunia nzima alikuwa na deni la sikio moja.

Nimempigia simu shangazi yangu wa Tinde, anayeijua hadithi hii kunishinda. Amesema nije Jumapili na daftari langu, na kwamba nisithubutu kuandika neno "mchawi" mbele ya jina la yule bibi kabla sijasikia upande wake.