Maumivu ya Kichwa ya Ghafla: Tazameni Saa

Kuumwa kichwa ni jambo la kawaida katika kila nyumba. Malaria huleta, jua la gwaride huleta, na lindo la usiku kucha huleta pia. Maumivu ya namna hiyo huanza kidogo kidogo. Lakini yako mengine yapigayo kama radi, yakafikia upeo wa ukali kabla dakika moja haijatimia. Hayo si ya kungojea kupambazuke.

Sababu ya kuogopwa ni kupasuka kwa mshipa wa damu kichwani. Mara nyingi mshipa huo huwa umetuna mahali pamoja mfano wa puto dogo, mwenyewe asijue. Damu ikimwagika kuuzunguka ubongo, mgonjwa aweza kutapika, kukakamaa shingo au kuzimia. Mshipa usipozibwa waweza kupasuka tena, na mara ya pili hatari ya kufa ni kubwa zaidi.

Tarehe 1 Oktoba 1971, mjini London, mashine iliyobuniwa na Godfrey Hounsfield ilipiga kwa mara ya kwanza picha za ubongo wa mgonjwa, pande kwa pande, kama mkate uliokatwa. Mwaka 1979 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyekokotoa hesabu za kazi hiyo. Katika picha za skana, damu mbichi huonekana nyeupe.

Weupe huo haudumu. Picha ikipigwa kwa skana ya kisasa kabla saa 6 hazijapita, ni nadra sana damu isionekane. Baadaye hufifia, na huenda daktari akalazimika kupima maji ya uti wa mgongo.

Kwa mkazi wa Yoba, mjini Gitega, saa 6 si nyingi. Bujumbura iko kiasi cha kilomita 100 kwa barabara ya milimani. Atokaye Muyinga ana safari ndefu zaidi. Basi anayeuguza na aandike saa maumivu yalipoanza, ampeleke mgonjwa hospitali ya karibu, na aulize papo hapo: picha itapigwa hapa, au twende wapi? Asimpe aspirini, kwani huzuia damu kuganda. Wala kipimo cha malaria kisimtulize, maana vijidudu vyaweza kuonekana katika damu ya mtu ambaye kichwa chake kinauma kwa sababu nyingine kabisa.

Wengi wapatao maumivu hayo hukutwa hawana damu iliyomwagika, wakarudi nyumbani salama. Safari yao haikuwa ya bure.