Filta Iliyokwama Kwenye Lenzi ya Kamera



Kamera ya tawi si pambo la ofisi. Mashine ikiondolewa kinga yake, pampu ya kunyunyizia dawa ikivuja mgongoni mwa mfanyakazi, mwenzetu akikatwa na mkanda, picha iliyopigwa siku hiyo hiyo husaidia sana tunapokaa mezani na mwajiri. Maneno hubishiwa; picha iliyo wazi ni vigumu kuikana. Basi kamera ikipata ila, haki ya mtu yaweza kupotea pamoja nayo.

Ila mojawapo ni filta kukwama mbele ya lenzi au kuvunjika ikiwa bado imefungwa. Watu huchukua plaizi na kuivuta kwa nguvu, na kilichokuwa hasara ya filta kinakuwa hasara ya lenzi nzima. Hapa tunaeleza jinsi kazi hii inavyofanywa kwa vitu vilivyopo nyumbani na karakana.

FILTA NI NINI

Filta ni kioo chembamba kilichoshikwa na pete ya chuma. Pete hiyo ina hesi kwa nje, na lenzi ina hesi kwa ndani, kama nati na bolti. Ukubwa hutajwa kwa milimita: 49, 52, 55, 58, 67, 77 na kadhalika. Namba hiyo mara nyingi huandikwa kwenye lenzi au kwenye pete, karibu na alama ya duara lililokatwa na mstari.

Katika filta nyingi za vipimo hivyo, umbali kutoka uzi mmoja wa hesi hadi mwingine ni milimita 0.75 tu, na nyuzi zinazoshikana ni chache. Maana yake ni mbili. Kwanza, hesi hizi ni nyembamba na huharibika upesi. Pili, hazihitaji nguvu nyingi kufunguka. Filta ikikataa, tatizo kwa kawaida ni namna ilivyoshikwa.

KWA NINI HUKWAMA

Sababu kubwa ni nne: kukazwa kupita kiasi, vumbi na mchanga kuingia kwenye hesi, jasho na chumvi kula chuma, na pete kugongwa ikabonyea. Pete nyingi ni za alumini, na lenzi nyingi nazo zina hesi za alumini. Alumini juu ya alumini hung'ang'aniana kuliko shaba juu ya alumini.

Iko sababu ya tano, nayo tunaileta wenyewe. Chukua kopo tupu la maziwa lisilo na kifuniko, ulibane mdomoni kwa vidole viwili: duara linageuka yai. Pete ya filta hufanya vivyo hivyo. Ukiibana sehemu mbili, inapanuka upande wa pili na kujikaza ndani ya hesi. Kadiri unavyobana ndivyo inavyokwama. Kanuni ya kazi hii yote ni moja: shika pete kwa usawa pande zote, na usibane sana.

KABLA YA KUANZA

Jiulize kama kazi ni ya leo. Kama filta ni ya kioo cheupe, haina ufa wala mikwaruzo, piga picha zako, itasubiri. Lakini filta ya njano hupunguza mwanga kwa kadiri ya nusu, na ile ya kupunguza mng'ao, iitwayo polaraiza, yaweza kubakiza robo tu. Ndani ya kiwanda chenye giza picha itatikisika na kukosa maana. Hiyo lazima itoke.

Toa lenzi kwenye kamera kama inatoka, na ufunike nyuma yake. Kwa mkono wa kushoto shika sehemu ya lenzi iliyo karibu kabisa na filta. Usishike sehemu ya nyuma tu, kwa sababu katika baadhi ya lenzi sehemu ya mbele huzunguka, na nguvu yako itaishia kwenye meno madogo yaliyo ndani.

HATUA ZA KUFUATA

1. Safisha. Elekeza lenzi chini, upige mswaki mkavu ulio safi kuzunguka mahali pete inapokutana na lenzi. Mchanga udondoke nje.

2. Tumia ndala. Chukua kandambili iliyooshwa na kukauka, au kipande bapa cha mpira. Kiweke juu ya pete kiguse duara lote, ubonyeze kidogo kwa kiganja, kisha zungusha kinyume cha mwendo wa saa, kama unavyofungua kifuniko cha chupa. Filta nyingi hutoka hapa. Usitumie njia hii kama kioo kina ufa.

3. Tumia mpira wa baiskeli. Kata kipande chembamba cha mpira wa ndani, ukizungushe kwenye ukingo wa pete bila kugusa lenzi. Shika kwa vidole vyote vitano, si viwili, na uzungushe taratibu. Wanaofanya kazi karakana wanajua mkanda wa kufungulia filta ya mafuta ya lori. Kazi ni ile ile. Maduka ya kamera pia huuza vishikio vya plastiki viwili viwili kwa kazi hii.

4. Kama pete iliingia upande, ikaze kidogo sana kwanza, kisha irudishe. Mara nyingine uzi uliopanda juu ya mwenzake hushuka.

Polaraiza ina pete mbili. Ya mbele huzunguka bure hata siku nzima. Inayopaswa kushikwa ni ile nyembamba ya nyuma.

Usinyunyizie mafuta ya kulegeza kutu. Hutambaa hadi kwenye vibati vya kurekebisha mwanga ndani ya lenzi, navyo hugandana. Wala usitie lenzi kwenye friji. Ikitoka huko hutokwa jasho, na unyevu ulioingia ndani huzaa kuvu juu ya vioo.

KIOO KIKIVUNJIKA

Usikifute. Chembe moja ya kioo chini ya kitambaa hukwaruza lenzi, na mkwaruzo huo hauondoki. Elekeza lenzi chini, gongagonga ubavu wake kwa kidole, kisha ondoa mabaki kwa brashi laini huku bado ikitazama chini. Vaa miwani ya kinga. Pete ijaribiwe baadaye kwa mpira kama tulivyoeleza.

PETE IKIBONYEA

Hapa pete imekwishaharibika, tunaokoa lenzi. Kioo cha filta kikitoka, funika lenzi kwa karatasi laini na juu yake kitambaa, ufunge kwa gundi ya utepe ili unga wa chuma usiingie. Kwa ubao wa msumeno wa chuma, kata pete kutoka ndani kwenda nje, lakini uishie kabla ya kufikia hesi za lenzi. Kisha kwa plaizi nyembamba kunja pete kuelekea ndani, pale palipokatwa. Duara linapungua, pete inalegea na kutoka. Usiikunje kamwe kuelekea nje.

Kama lenzi ni ya bei kubwa au mkono wako si mzoefu, peleka kwa fundi. Katibu wa tawi akubaliane naye bei kabla ya kazi na aandike stakabadhi, maana fedha hiyo ni ya michango ya wanachama.

KUZUIA NI RAHISI KULIKO KUTIBU

Futa hesi kabla ya kufunga. Kaza mpaka pete isimame, basi. Paka hesi za filta unga kidogo wa risasi ya penseli, kisha upulize uliozidi. Kila mwezi fungua filta na uifunge tena, hasa kama kamera inakaa pwani, kwenye vumbi la mkonge au unyevu wa mashamba ya chai. Unaponunua filta, pete ya shaba ni bora ukiipata.

Kila tawi limteue ndugu mmoja wa kutunza kamera, naye amfundishe mwenzake wa pili. Ajali haingoji mtunza kamera arudi likizo.