Ifahamu sarafu ya dhahabu ya Tabora ya 1916, na jinsi ya kukwepa feki

Mtu akikuletea sarafu ya "Mjerumani" na kudai ni dhahabu, usikimbilie kutoa pesa. Ila usimcheke pia. Tabora iliwahi kutengeneza sarafu za dhahabu kweli, na leo wakusanyaji wanazitafuta dunia nzima.

Ilikuwaje?

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, meli za Uingereza zilifunga njia ya bahari. Sarafu kutoka Ujerumani zikawa hazifiki. Serikali ya kikoloni ikachapa noti zake huku huku, lakini wananchi wengi hawakuziamini. Walizoea rupia ya fedha, pesa ya misafara tangu Bagamoyo hadi Ujiji.

Tabora, kituo kikuu cha misafara hiyo, ilikuwa na reli tangu 1912, na karakana yake ilikuwa na mafundi. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, Iramba. Mwaka 1916 zikatengenezwa sarafu 16,198 za rupia 15. Septemba 19 mwaka huo huo Wabelgiji wakauteka mji, na kazi ikawa imeisha.

Marekani nako kuna kisa kinachofanana. Viwanda vidogo vya sarafu vya Charlotte na Dahlonega vilifunguliwa 1838 karibu na migodi ya dhahabu, vikafungwa 1861 vita vilipoanza. Sarafu zao zenye alama C na D ni ghali hadi leo kwa sababu ile ile: ni chache, na hazitatengenezwa tena.

Utaitambuaje?

• Upande mmoja kuna tembo aliyeinua mkonga, nyuma yake milima, chini mwaka 1916 na herufi T, yaani Tabora.

• Upande wa pili kuna tai wa Ujerumani na maneno DEUTSCH OSTAFRIKA na 15 RUPIEN.

• Uzito ni gramu 7.168, dhahabu ya karati 18. Mizani ya sonara itakuambia mapema.

• Sumaku isiivute. Ikinasa, hiyo ni feki.

Kupita vipimo hivi bado sio uthibitisho. Kuna feki zilizotengenezwa kwa dhahabu halisi, hivyo mwisho wa yote ni mtaalamu wa sarafu.

Usichanganye na hela za kawaida

Mwaka huo huo Tabora ilitoa pia heller 5 na heller 20. Hizi ni za shaba na shaba nyeupe au njano, hata ziking'aa vipi. Neno "hela" tunalotumia kila siku limetokana na heller hiyo hiyo. Thamani yake ipo, ila haikaribii ile ya tembo.

Ukiwa nayo, fanya hivi

Usiisugue, usiitoboe kuwa kidani, na usiipeleke ikayeyushwe. Ndani yake kuna dhahabu ya gramu 5.4 hivi tu, na sonara atakulipa hiyo tu. Mnadani, iliyo katika hali nzuri hufikia maelfu ya dola.

Na anayekuambia amegundua sanduku zima la sarafu za Mjerumani, ila anahitaji "hela ya kulichimba"? Kaa na hela yako.